Namna ya Kununua Betri Rahisi ya Mashua Mara Tatu kwa Mwaka

Kununua betri nzuri ya mashua mara moja na kukaa nayo miaka mitano hakuhitaji kipaji. Kipaji kinahitajika kununua betri mpya kila msimu, kila mara kwa bei ya kutupa, na kufika mwisho wa mwaka ukiwa umetumia fedha nyingi kuliko jirani yako aliyenunua ya ghali. Mwongozo huu ni wa wenye nia hiyo: manahodha wanaowatembeza wageni machweo pale Nungwi na Kendwa, wa Kizimkazi wanaowapeleka kuona pomboo, wa Msasani wanaovuka kwenda Bongoyo, na kila mwenye chombo aliyefunga friji ya soda, spika mbili na taa za rangi kuzunguka mlingoti.

Tuelewane kwanza tunazungumzia betri ipi. Chombo chenye mambo mengi kina betri za kazi mbili. Ya kwanza ni ya mashine: inatoa nguvu nyingi kwa sekunde tatu, mashine inawaka, inajazwa tena, basi. Ya pili ni ya matumizi, ile inayolisha taa, muziki, friji, pampu ya ngama na simu za wageni wakati mashine imezimwa na nanga iko chini. Ya kwanza ni mkimbiaji, ya pili ni mchukuzi. Ukishaielewa tofauti hiyo isahau haraka, maana hatua zote zinazofuata zinategemea usahaulifu wako.

Hatua ya 1: Izike ya zamani bila kuuliza imekufa kwa nini

Betri ikifa, nahodha wa kweli hashuki ngamani na mita mkononi. Anasema, "Betri za siku hizi, bwana!" anatikisa kichwa, anamtuma kijana dukani. Ni maneno matamu kwa sababu hayamtii mtu yeyote hatiani, isipokuwa kiwanda kilicho mbali ambacho hakitajibu.

Ubaya wa kuuliza ni kwamba majibu ni machache na yanajulikana. Betri ya risasi na asidi haijabadilika sana tangu Mfaransa Gaston Planté alipoiunda mwaka 1859, na namna zake za kufa hazijabadilika pia. Ikikaa bila kujaa, pleti zake huota fuwele ngumu za salfeti ambazo chaji ya kawaida haiziyeyushi tena. Ikikamuliwa mpaka chini kila mara, unga wa pleti humomonyoka na kulala chini ya boksi. Ikikauka maji, pleti hubaki wazi na kuharibika. Na ikikaa kwenye joto, yote hayo huja mapema. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za sentigredi zinazozidi 25 hukata umri wa betri kwa takribani nusu. Kando ya injini ya dizeli, nyuzi 45 si jambo la ajabu. Piga mwenyewe: betri ya miaka minne inakuwa ya mwaka mmoja, na hapo bado hujaifanyia ubaya wowote.

Ungeweza kumjua muuaji bila kuondoka gatini. Washa mashine, weka mita kwenye vichwa vya betri. Ikipanda mpaka kati ya volti 14.2 na 14.7, betri inashibishwa. Ikiganda kwenye 13.1 safari nzima, betri yako haijawahi kujaa hata siku moja, na mpya unayoiendea dukani haitajaa vilevile. Lakini ukishajua hivyo itabidi utengeneze mfumo wa kuchaji, fundi atataka hela yake, na hutakuwa na sababu ya kurudi dukani kabla ya Idi. Ndiyo maana hatuulizi. Muuaji abaki chomboni, nasi tumletee mwingine.

Hatua ya 2: Usihesabu umeme unaotumia

Hesabu huharibu starehe. Hebu tazama inavyotia watu huzuni, kwa mfano wa chombo cha kawaida cha machweo. Friji ndogo ya volti 12 inakula wastani wa ampea 4. Ikiwashwa saa 10, hizo ni ampea-saa 40. Muziki, ampea 8 kwa saa 4, ni 32. Taa za LED, ampea 2 kwa saa 5, ni 10. Simu za wageni, ampea 3 kwa saa 4, ni 12. Pampu ya ngama, inayostuka na kulala, tuipe 3. Jumla ni ampea-saa 97 kwa siku.

Betri ya risasi haitakiwi kushushwa chini ya nusu. Ukiizoesha kushuka zaidi ya hapo, unakula umri wake. Kwa hiyo ampea-saa 97 zinataka betri za jumla ya 200, na wala si ile moja ya 100 ambayo muuzaji alikupendekezea kwa kutazama urefu wa mashua. Sasa unaona? Ulikuwa na furaha, umepiga hesabu, umekosa raha. Tena mtu akishaanza hesabu hizi hufika mahali pabaya: anagundua kwamba kuifunga friji mlango vizuri na kuishusha spika moja kunamwondolea robo ya tatizo bila kununua chochote.

Njia yetu ni nyepesi. Pima kisanduku cha betri kilichomo chomboni, kisha nunua betri yoyote inayoingia humo. Seremala aliyekitengeneza hakujua kwamba utakuja kuweka friji, lakini hilo ni lake.

Hatua ya 3: Nunua betri ya gari

"Betri ni betri," atakwambia muuzaji, na kwa mwanga wa duka lake kweli zinafanana: boksi jeusi, vichwa viwili, mpini wa kamba. Atakuonyesha N70, ile inayoendesha magari nusu ya mji, na bei yake itakugusa moyo.

Ndani ndiko kwenye siri. Betri ya kuwashia gari imejazwa pleti nyingi nyembamba, ili asidi ipate eneo kubwa la kugusa na nguvu itoke kwa mpigo mmoja. Betri ya sola, ambayo ndiyo ndugu wa karibu wa betri ya matumizi ya chombo, ina pleti chache lakini nene, zinazovumilia kukamuliwa na kujazwa mamia ya mara. Pleti nyembamba ukizikamua mpaka chini usiku baada ya usiku zitakuaga baada ya makumi machache ya safari. Hii ndiyo njia ya uhakika kuliko zote katika mwongozo huu. Ukiwa na muda wa kusoma hatua moja tu, soma hii.

Ili usikosee, tafuta kwenye kibandiko herufi CCA, yaani ampea za kuwashia kwenye baridi, na chagua yenye namba kubwa kupita zote. Namba hiyo hupatikana kwa kuiweka betri kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, kisha kupima inaweza kutoa ampea ngapi kwa sekunde 30 bila kushuka chini ya volti 7.2. Ni kipimo cha maana sana kwa mtu wa Norway anayewasha gari asubuhi ya Januari. Wewe nawe kitakufaa, siku bahari ya Kendwa itakapoganda na wageni wakashuka kwa miguu. Lipia kila ampea.

Hatua ya 4: Amini karatasi, usiamini mizani

Kibandiko kikisema 200Ah, basi ni 200Ah. Karatasi haina sababu ya kukuchukia. Usiulize namba hiyo ilipimwa kwa muda gani. Wapimaji waaminifu hutumia saa 20, na huandika C20: betri ya 100Ah ni ile iliyotoa ampea 5 kwa saa 20 kabla ya kuisha. Wapimaji wachangamfu huikamua betri hiyohiyo taratibu kwa saa 100, ikatoa namba nono zaidi, wakaibandika hiyo. Wapo pia wachangamfu zaidi, ambao hawapimi kabisa.

Namba nayo ina tabia ya kupungua ukiwa na haraka. Hiyo betri ya 100Ah ukiikamua kwa ampea 20, hutapata saa 5 kamili. Nguvu nyingine hubaki imenasa ndani. Ndiyo maana inveta kubwa ya kuchemshia maji ya chai humaliza betri mapema kuliko hesabu ilivyosema.

Kitu kimoja dukani hakijui kudanganya, nacho ni uzito. Risasi ni nzito, na hakuna namna ya kuhifadhi umeme kwenye risasi bila kuweka risasi. Betri ya kweli ya risasi ya volti 12 na 100Ah huwa na kilo 25 hadi 30 hivi. Ukiletewa ya "200Ah" ambayo kijana wa duka ameibeba kwapani huku mkono wa pili ukichati, ujue sehemu kubwa ya hizo ampea-saa imechapishwa tu kwenye karatasi. Lakini hapa tunafuata wahenga: kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi. Nyepesi ni rahisi kuishusha ufukweni, na itakuwa rahisi zaidi kuipandisha miezi mitatu baadaye.

Hatua ya 5: Ipime kwa cheche

Muuzaji mzoefu hana haja na mita. Anachukua kipande cha waya, anakigusisha kichwa hadi kichwa, cheche za buluu zinaruka, na harufu ya plastiki iliyoungua inajaa dukani.

"Umeona moto huo, sheikh wangu? Hii inawasha meli!"

"Nimeona. Ina dhamana?"

"Dhamana ni mimi hapa. Kwani mimi nahama Darajani?"

Hapo lipa, na usiombe risiti, itaonekana humwamini. Cheche zinathibitisha kwamba betri ina umeme dakika hii. Hata betri iliyobakiza wiki mbili za kuishi hutoa cheche nzuri sana, pengine kwa kujua kwamba siku ni chache.

Mnunuzi mwenye roho ngumu angefanya mambo mengine. Angeuliza tarehe ya kutengenezwa, kwa sababu betri ya risasi hujimaliza yenyewe rafuni, asilimia kadhaa kila mwezi na zaidi kwenye joto. Iliyokaa mwaka mzima bila kuchajiwa imeshaanza kuota salfeti kabla hujaigusa. Angeweka mita: betri iliyotulia saa kadhaa ikisoma volti 12.7 imejaa, ikisoma 12.2 iko nusu, na mpya dukani ikiwa chini ya 12.4 ina historia. Kama imetolewa kwenye chaja sasa hivi, angeomba iwashe taa ya gari dakika tano, itulie, ndipo apime tena, maana namba za kwanza huwa za kujipamba. Kama betri ni ya maji na ina vizibo, angeazima haidromita ya fundi na kupima seli zote sita. Zilizojaa husoma karibu 1.26 hadi 1.28, na seli moja ikiachana na wenzake kwa 0.05, hiyo ni mgonjwa na betri nzima itamfuata. Mtu wa namna hii hukaa dukani nusu saa, na wauzaji hawampendi.

Kuhusu betri za mtumba, zilizotolewa kwenye kazi nyingine na kufutwa vumbi, ushauri wetu ni mfupi: nunua mbili. Usiulize kwa nini zilistaafishwa.

Hatua ya 6: Linganisha bei, usilinganishe gharama

Bei ni ile unayoiona dukani. Gharama ni ile unayoijua baadaye, na kwa kuwa ni ya baadaye, haituhusu.

Kwa wale wabishi wanaotaka kuona, tufanye mfano wenye namba za kufundishia tu. Weka mwenyewe za duka lako. Tuseme betri ya gari ni shilingi 250,000 na itakupa usiku 80 wa kazi. Kila usiku umekugharimu shilingi 3,125. Tuseme betri ya sola ya maji, ya ukubwa uleule, ni 450,000 na ikitunzwa itakupa usiku 400: hapo ni shilingi 1,125 kwa usiku. Tuseme ya lithiamu ni 1,200,000 na inakupa usiku 2,000: ni shilingi 600, na juu yake unaruhusiwa kuitumia asilimia 80 badala ya nusu, kwa hiyo 100 zake zinafanya kazi ya 160 za risasi. Aliyetoa fedha kidogo kaunta ndiye anayelipa kikubwa kuliko wote. Rahisi ghali, walisema, na hawakuwa wameona hata betri moja.

Msomaji asikimbilie kukopa anunue lithiamu, maana hesabu hii ina upande wa pili. Chombo kinachotoka kila siku mwaka mzima kitazimaliza zile safari 2,000, na fedha itarudi. Chombo kinachotoka usiku 60 kwa mwaka kingehitaji zaidi ya miaka 30 kuzimaliza, na kabla ya hapo mbao zitakuwa zimeoza na mjukuu amekiuza. Tukiipa lithiamu hiyo miaka 10, ni usiku 600, yaani shilingi 2,000 kila mmoja. Betri ya sola ya maji ikidumu miaka minne kwa mtu huyohuyo ni usiku 240, yaani shilingi 1,875. Zimekaribiana. Kwa anayetoka mara chache, betri ya maji inayoangaliwa vizuri bado ni biashara ya haki. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, hesabu kwanza siku unazotoka. Au usihesabu, kama unafuata mwongozo.

Hatua ya 7: Kuhusu lithiamu, shika msimamo mkali wowote

Zipo njia mbili za kukosea, chagua inayokupendeza. Ya kwanza ni kuikataa kabisa kwa sababu simu ya binamu yako ilivimba. Usijali kwamba betri za vyombo zinazofaa ni za lithiamu na fosfeti ya chuma, aina isiyoshika moto kirahisi kama lithiamu nyingi za simu na kompyuta. Usijali pia kwamba ya 100Ah ina kilo kumi na kitu tu, na kwamba hii ni aina ambayo haiumwi kwa kuachwa nusu.

Njia ya pili ni kuikubali kwa pupa: nunua seli tupu za bei ya chini, zifunge kwa gundi ya karatasi, na uachane na kile kidhibiti cha umeme kinachokaa ndani ya betri nzima kikizuia isijazwe kupita kiasi wala kukaushwa. Kisha iunganishe moja kwa moja na altaneta ya dizeli. Betri ya risasi ikikaribia kujaa hupunguza ulaji wake. Lithiamu hunywa kwa nguvu mpaka mwisho, na altaneta ndogo iliyozoea kupumzika itachemka mpaka iungue. Wenye hekima huweka kifaa katikati cha kupunguza mkondo. Wewe weka feni.

Jambo moja la kuifurahia: lithiamu haionyeshi njaa. Volti zake hukaa karibu 13.2 kuanzia imejaa kiasi mpaka imebakiza kidogo, halafu kidhibiti kinakata ghafla. Muziki, taa na friji vinanyamaza kwa pamoja, wageni 20 wanapiga kelele gizani, na nahodha anasema ni sehemu ya ziara. Mwoga hufunga mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Hatua ya 8: Ifunge ngamani

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii haikutungwa kwa ajili ya betri, lakini wengi wameichukua kama maelekezo ya fundi. Mle ngamani kuna joto, giza na maji ya chumvi, na hakuna atakayeikumbuka betri mpaka siku ya kuizika. Maji ya bahari yakiingia kwenye seli za betri ya risasi inayofanya kazi hutoa gesi ya klorini, iliyowatesa mabaharia wa nyambizi enzi za vita. Betri ya maji inapochajiwa nayo hutoa haidrojeni, na hewa yenye asilimia 4 tu ya gesi hiyo inatosha kulipuka. Kwa hiyo funga kisanduku kiwe hakipitishi upepo, na mruhusu baharia akachungulie kiwango cha maji kwa kiberiti.

Ukiwa na betri moja ya zamani iliyobaki, iunganishe sambamba na mpya, ile mpya ipate wa kumfundisha kazi. Itafundishwa upesi: ya zamani itanyonya chaji ya mpya usiku kucha, na zote mbili zitakuwa na umri mmoja mwezi ujao. Fyuzi iliyoungua ibadilishe kwa msumari, kwani msumari hauungui. Kitakachoungua ni waya, halafu mbao. Betri usiifunge kamba. Kusi likichafuka, kilo 27 za risasi na asidi zinazoteleza kutoka ubavu hadi ubavu zitawaweka mabaharia macho.

Hapa niweke utani kando kwa mstari mmoja. Usiache muziki ule betri ya mashine: weka swichi ya kutenganisha, kwa sababu siku mashine isipowaka usiku na mkondo unakuvuta kwenye mwamba, hakuna bei ya betri itakayokuwa na maana.

Hatua ya 9: Usiijaze, na masika iache peke yake

Turudi kwenye zile ampea-saa 97. Mashine ndogo ya nyuma inayotoa ampea 10 kwa saa mbili za safari imerudisha 20. Zimebaki 77 kila siku ambazo hazina baba. Paneli moja ya wati 100 kwenye siku ya jua zuri inaweza kukupa kama 25. Ukiongeza kinachopotea njiani, unahitaji paneli nne, zilizofungwa mahali ambapo kivuli cha tanga hakizifiki, kwa sababu kivuli chembamba cha kamba peke yake kinaweza kupunguza mazao ya paneli vibaya. Wafuasi wa mwongozo huu hufunga moja, chini ya turubai, isichubuke.

Tena betri ya risasi haina haraka. Asilimia 80 za mwanzo huingia upesi; 20 za mwisho huchukua saa nyingi, hata chaja iwe kubwa vipi. Anayechaji saa mbili na kuchomoa kila siku anaiacha na njaa ileile, na salfeti inaota kwenye sehemu isiyojazwa. Mwenye gati lenye umeme angeiacha kwenye chaja nzuri usiku mzima walau mara moja kwa wiki. Sisi tunachomoa, tunaogopa luku.

Maji ya betri yakipungua, ongeza asidi ili kuipa makali. Kilichotoka kwenye seli ni maji, asidi yote imo. Ukiongeza asidi unazitafuna pleti. Betri ya matumizi inataka maji yaliyosafishwa yasiyo na chumvi, yanayouzwa kwenye chupa kwa bei ya soda, na yatiwe baada ya kuchaji, maana ukijaza kabla yatafurika. Maji ya kisima ya pwani, yenye chumvi na chokaa, ni mazuri kwa kupikia tu.

Halafu ije masika. Machi hadi Mei wageni ni wachache, mashua inavutwa juu ya mchanga, kila mtu anarudi kijijini, na betri inaachwa ikiwa nusu. Miezi mitatu ya joto na unyevu inatosha. Mwenye chombo mwenye uchungu na fedha yake angeijaza mpaka juu, angechomoa nyaya zote, angeitoa apeleke nyumbani na kuichaji mara moja kila mwezi. Juni angeirudisha ikiwa hai, na angekosa nafasi ya kupanda daladala kwenda kununua nyingine.

Hatua ya 10: Itupe popote

Betri iliyokufa mwaga asidi yake ufukweni, kisha umuuzie boksi kijana wa vyuma chakavu anayeyeyusha risasi uani kwake, karibu na jiko la kupikia.

Hatua hii haina kichekesho hata nikikitafuta. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, na risasi ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto. Mombasa wanalijua hilo. Mtaa wa Owino Uhuru uliishi jirani na kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu, na wakazi wake, wakiwemo watoto, walipatikana na risasi kwenye damu. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo na ambaye mwanawe naye aliugua, aliongoza mapambano mpaka kiwanda kikafungwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman, na mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hizo ni gharama za betri rahisi ambazo hazimo kwenye bei ya duka lolote. Irudishe betri nzima, ikiwa na asidi yake, kwa muuzaji anayepokea za zamani. Wengi wanakukatia kitu kwenye bei ya mpya, kwa sababu risasi yake ina thamani.

Basi, nahodha, ukikataa kufuata mwongozo huu, kazi yako ni fupi. Tafuta kilichoua betri ya zamani na ukitengeneze kabla ya kutoa senti. Hesabu ampea-saa zako na siku unazotoka kwa mwaka. Nunua ya sola kama unatoka mara chache, ya lithiamu yenye kidhibiti chake kama unatoka kila siku, na ya gari usinunue kabisa. Ipime kwa mita na kwa mizani, ifunge mahali pakavu penye upepo, na ijaze mpaka mwisho. Bei nafuu kuliko zote ni ya betri ambayo hukulazimika kuinunua mwaka huu.